Shajara ya mradi: Bodi sita za saketi kwa pasi na wino wa unga

Siku ya 1

Mjomba wangu anamiliki mitumbwi mitatu ya dagaa katika mwalo (kituo cha wavuvi) wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na tangu alipoacha karabai akahamia taa za LED zinazotumia betri za volti 12, lalamiko lake limekuwa moja tu: betri hazidumu. Taa huwashwa giza linapoingia na kuachwa zikiwaka hadi alfajiri, hata baada ya betri kuishiwa, na betri ya risasi na asidi inayoshushwa kupita kiasi mara kwa mara hujenga katika bamba zake fuwele ngumu za salfeti ya risasi ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Mwaka jana nilimtengenezea kifaa cha kukata umeme kabla betri haijafika huko, nikakiunda kwenye bodi ya matundu na kuunganisha vipuri kwa vipande vya waya nyuma yake. Kilidumu majuma matatu. Mtumbwi hautulii, na kila waya uliosimama peke yake hewani hutikisika pamoja nao hadi ukakatikia kwenye risasi ya kulehemea. Usiku mmoja nyaya mbili zilikatika, taa zikazimika kazi ikiwa katikati, na Mjomba akanirudishia kifaa kikiwa kimefungwa kwenye gazeti kama kilo ya dagaa. "Mpwa wangu," aliniambia, "kifaa chako kina akili, lakini hakijui ziwa."

Kwa hiyo nimeamua kutengeneza bodi halisi, ambazo njia zake za umeme ni shaba iliyogandamana na bodi yenyewe, pasipo waya wa kutikisika. Zinahitajika sita, mbili kwa kila mtumbwi. Ningeweza kuziagiza kiwandani nje ya nchi, lakini zingechukua majuma mengi kufika, na nina hakika kwamba mchoro wangu wa kwanza utakuwa na kosa. Kosa la nyumbani hurekebishwa kesho yake. Njia niliyochagua ni ya kuhamisha wino wa unga: mchoro huchapwa kwa printa ya leza, karatasi hugandamizwa kwa pasi ya moto juu ya shaba, wino huhamia kwenye shaba na kuwa ngao yake, kisha dawa hula shaba yote ambayo haikufunikwa.

Siku ya 2

Leo nimechora. Saketi yenyewe ni ndogo: kipuri TL431 kinatoa volti 2.495 zisizoyumba, komparata LM393 inazilinganisha na sehemu ya volti za betri inayotoka kwenye mgawanyo wa resista (vipuri vinavyokinza umeme, kwa kipimo cha omu), na mosfeti IRFZ44N, yaani swichi ya kielektroniki iliyowekwa upande wa hasi, inawasha na kuzima taa. Upande wa juu wa mgawanyo una kilo-omu 33 zikifuatana na resista ya kurekebisha ya kilo-omu 10, na upande wa chini una kilo-omu 10. Resista ya kilo-omu 470 inarudisha sehemu ya tokeo la komparata kwenye ingizo lake, nayo ndiyo inayozuia taa zisipepese. Betri ikiondolewa mzigo hupanda yenyewe kidogo; kama kifaa kingekuwa na kizingiti kimoja tu, kingekata, betri ingepanda, kingewasha tena, na mchezo huo ungeendelea usiku kucha. Kwa hesabu yangu, kikikata kwenye volti 11.5 hakitawasha tena hadi betri ifike karibu volti 12.45, yaani hadi ipelekwe kwenye chaji. Ndani ya LM393 mna komparata mbili. Ya pili haina kazi kwa sasa, na maingizo yake nimeyafunga kwenye ardhi, yaani njia ya hasi ya saketi.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni upana wa njia. Taa nne za kila betri hula ampea 4 kwa jumla. Shaba ya bodi za kawaida ina unene wa maikromita 35, na kwa unene huo kila mraba wa njia, uwe mdogo au mkubwa, una ukinzani wa karibu nusu ya mili-omu. Njia ya taa ina urefu wa milimita 60. Nikiipa upana wa milimita 4 inakuwa miraba 15, yaani kama mili-omu 7.5, na ampea 4 zikipita hapo hupotea mili-volti 30 tu. Ningeipa milimita 1 zingepotea 120, na njia ingepata joto bila sababu. Njia ya kupimia betri nimeianzisha kwenye terminali yenyewe, panapofungwa waya wa betri, kabla ya njia hiyo nene, ili kifaa kisidanganywe na upotevu huo hata kama ni mdogo.

Nimetumia KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992. Njia ndogo kabisa nimezipa milimita 0.6 na nafasi kati yake milimita 0.5, ingawa programu inaruhusu kushuka chini sana ya hapo. Pasi ya nyumbani si kiwanda. Vipete, yaani miduara ya shaba ya kulehemea miguu ya vipuri, nimevipanua hadi milimita 2 kwa sababu nitatoboa kwa mkono. Nafasi yote iliyobaki nimeijaza shaba ya ardhi. Hilo husaidia saketi, lakini sababu yangu kubwa ni dawa: bodi ya milimita 60 kwa 80 ina takriban gramu 1.5 za shaba, na kila gramu isiyoyeyushwa ni gramu ambayo sitalazimika kuihangaikia baadaye.

Siku ya 4

Nimekwenda kuchapa katika steshenari moja mjini. Printa lazima iwe ya leza au mashine ya fotokopi, kwa maana wino wake ni unga wa plastiki unaoyeyushwa na joto. Wino wa maji wa printa za kawaida za rangi hauna plastiki hiyo, na ukiupiga pasi hakuna kitakachohama. Kuhusu karatasi, nilibeba aina tatu: kurasa za ndani za gazeti la kumetameta, kipande cha kalenda ya ukutani, na karatasi ya nyuma ya stika. Dada wa steshenari alizigeuzageuza, akaikataa ya kalenda kwa kuwa ni nene na ingekwama, akaikataa ya stika kwa kuwa inateleza, akaikubali ya gazeti huku akinionya kwamba mashine ikiharibika nitailipa. Alikuwa na haki. Karatasi za picha zenye tabaka la plastiki, kwa mfano, huweza kuyeyuka na kunata kwenye rola la moto ndani ya printa, na fundi wa printa hakai mbali na bei yake.

Chapa ya kwanza ilitoka fupi. Kwenye ukingo wa mchoro nilikuwa nimeweka mstari wa milimita 100, na rula ilionyesha 96.5, kwa sababu kompyuta ya pale ilikuwa imeamriwa kuupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, lakini miguu ya vipuri ingeiona. Tuliondoa amri hiyo, tukazima hali ya kubana wino, tukaongeza weusi hadi mwisho, na mstari ukatoka 100 kamili. Nilichomeka miguu ya LM393 kwenye karatasi, ikaingia yote minane mahali pake. Nikaagiza nakala 10 na kuamuru mchoro ugeuzwe kama kwenye kioo, kwa hoja kwamba karatasi ikilazwa kifudifudi mchoro utageuka tena. Hoja hiyo niliiona ya wazi kabisa. Itanirudia.

Siku ya 5

Jaribio la kwanza limeshindwa, na sababu ni fahari ya kijinga. Nyuma ya nyumba yetu hapa Mabatini, kama ilivyo nyuma ya nyumba nyingi za mlimani, pana jiwe la granaiti lililolala sawasawa kama meza, nami nikaona nimepata sehemu ya kupigia pasi isiyotikisika. Nilivuta waya wa umeme dirishani, nikaweka bodi juu ya jiwe, karatasi juu ya bodi, nikagandamiza dakika 5. Nilipoondoa karatasi, katikati palikuwa na mchoro hafifu na pembeni hapakuwa na kitu. Jiwe lilikuwa likinywa joto kwa kasi kuliko pasi ilivyolitoa. Nilipoweka kiganja juu yake lilikuwa vuguvugu umbali wa shibiri nzima kutoka kwenye bodi.

Siku ya 6

Nimehamia ndani, juu ya ubao wa mninga uliotandikwa magazeti yaliyokunjwa. Mbao haipitishi joto kwa urahisi, na magazeti yana ulaini unaoiwezesha bodi kujisawazisha chini ya pasi. Kingo zikashika. Hata hivyo palitokea mabaka yasiyo na wino yenye umbo la alama za vidole, na hapo nikakubali kwamba usafi niliouchukulia kuwa utangulizi ndio kazi yenyewe.

Utaratibu wa kusafisha nilioufikia baada ya majaribio mawili mengine ni huu. Shaba inasuguliwa kwa waya laini wa kusugulia sufuria, kwa mizunguko midogo, hadi rangi yake iwe ya waridi na uso upoteze mng'ao wa kioo, kwa sababu wino hushika vizuri zaidi penye mikwaruzo midogo. Inaoshwa kwa sabuni ya vyombo na maji mengi. Kisha hutazamwa jinsi maji yanavyokaa: yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, yakitanda kama utando mmoja usiokatika, shaba ni safi. Mwisho inafutwa kwa asitoni, ile inayouzwa kuondolea rangi ya kucha, na tangu hapo haiguswi usoni bali hushikwa kingoni tu. Nilidhani jambo la vidole ni uzushi wa watu wenye kupenda masharti, mpaka nilipoona alama ya kidole gumba changu imechorwa kwa shaba tupu katikati ya njia ya ampea 4.

Pasi nayo nimeipima. Mita yangu ina kipimo cha joto cha waya, na nilipokigandamiza chini ya pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba, kilipanda na kushuka kati ya nyuzi 165 na 210 kadiri kidhibiti kilivyowasha na kuzima. Sasa ninasubiri taa ya pasi izimike ndipo ninaanza. Pasi ya mvuke sitaitumia tena: kila tundu la mvuke liliacha duara dogo lisilogandamizwa. Nimeazima ya zamani, nzito, yenye uso usio na tundu hata moja.

Siku ya 9

Umeme umekatika tangu asubuhi, nami nilikuwa na bodi iliyokwisha kusafishwa ambayo shaba yake ingeanza kufifia kama ingelala hadi kesho. Jirani yetu ni dobi, na pasi yake ya mkaa ilikuwa imesimama barazani ikifuka moshi. Nikamwomba. "Mwanangu, unanyoosha bati?" aliniuliza, akacheka, akanipa.

Ninaliandika jaribio hili kwa urefu kwa sababu limenifundisha kuhusu mgandamizo kuliko siku zote zilizotangulia. Pasi ya mkaa ni nzito mara mbili ya ile ya umeme, na joto lake halipandi na kushuka, bali hushuka polepole mkaa unavyokufa. Sikuwa na uhakika wa nyuzi, hivyo nilimfuata dobi kwa kipimo chake: tone la maji likidunda na kutoweka, pasi iko tayari kwa pamba. Niligandamiza dakika 4 kwa uzito wa pasi na wa mwili wangu. Wino ulihama wote, mpaka nukta ya mwisho, bila tundu hata moja. Tatizo ni kwamba ulihama na kutanuka. Njia za milimita 0.6 zilikuwa karibu milimita 0.9, na katikati ya miguu ya komparata, penye nafasi finyu, njia mbili zilikuwa zimegusana. Maana yake ni kwamba pasi hutoa vitu viwili, joto na uzito, na kuzidisha uzito hakufidii joto lililopungua, wala kinyume chake. Kila kimoja kina kasoro yake. Uzito ukizidi, wino husambaa. Joto likipungua, hauingii kwenye shaba.

Kwa pasi ya umeme nimetulia kwenye hatua mbili: sekunde 30 za kuituliza pasi bila kusukuma, ili karatasi inate na isiteleze, kisha dakika 3 za kuizungusha kwa uzito wake pamoja na shinikizo la mkono mmoja, nikimalizia kwa ncha kwenye kingo nne. Baada ya hapo bodi inaachwa ipoe yenyewe hadi iweze kushikwa. Kuitumbukiza ya moto kwenye maji kulinipotezea bodi moja, ambayo wino wake ulibanduka kama ganda.

Siku ya 10

Kuondoa karatasi. Bodi inalala kwenye beseni la maji yenye sabuni kwa dakika 20, karatasi inavimba, tabaka la juu linatoka lenyewe na lililobaki linasuguliwa kwa kidole gumba. Utando mweupe unaobaki baina ya njia ni udongo mweupe wa kaolini, ule unaoipa karatasi mng'ao wake, na usipouondoa dawa haitaifikia shaba iliyo chini yake. Mswaki wa zamani unatosha. Kisha bodi inainuliwa kwenye mwanga, na kila tundu la sindano kwenye wino linazibwa kwa kalamu ya wino usiofutika.

Siku ya 12

Leo dawa. Nimeyeyusha gramu 250 za feriki kloraidi katika nusu lita ya maji, nikizimimina chembechembe kwenye maji kidogo kidogo, wala si maji juu ya chembechembe, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa joto jingi na huweza kuruka usoni. Miwani, glavu za mpira, dirisha wazi. Chombo ni trei ya plastiki. Sufuria ya alumini ingeliwa na kutobolewa kabla ya bodi kumalizika, na hata chuma cha pua hakisalimiki. Dawa hii inaacha doa la kahawia lisilotoka, na kanga moja ya mama iliyokuwa ikining'inia karibu mno ni ushahidi ambao naoneshwa kila siku wakati wa chakula.

Kinachotokea ndani ya trei ni kwamba chuma kilicho katika dawa huchukua elektroni kutoka kwa shaba, nayo shaba inayeyuka na kuwa kloraidi. Joto huharakisha sana. Katika dawa iliyopoa, bodi ya majaribio ilichukua karibu saa nzima. Nilipoiweka trei ndani ya beseni la maji ya moto na dawa ikafika nyuzi 45 hivi, bodi iliyofuata ilimalizika kwa dakika 16. Nailaza bodi shaba ikitazama chini, ikining'inia kwa kipande cha utepe, ili masalia yazame yasikae juu ya shaba, na ninaitikisa trei taratibu muda wote. Kuichelewesha ni kosa: dawa ikishamaliza shaba iliyo wazi huanza kula ubavuni, chini ya wino. Bodi niliyoisahau nikijibu simu ya Mjomba ilitoka na njia za milimita 0.6 zikiwa zimekonda hadi kama 0.4.

Ile nzuri, baada ya kuoshwa na kufutwa wino kwa asitoni, ilikuwa na njia safi za waridi zenye kingo kali. Niliizungusha kwenye mwanga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya 13

Neno "BETRI" nililoliandika kwenye shaba linasomeka kinyumenyume.

Hoja yangu ya siku ya 4 ilisahau jambo moja. Programu ya kuchora humwonyesha mtu upande wa chini wa bodi kana kwamba anautazama kutoka juu, kupitia bodi yenyewe. Maana yake mchoro ule tayari umegeuzwa, na karatasi ikilazwa kifudifudi ndiyo inayounyoosha. Upande wa chini huchapwa kama ulivyo. Wa juu ndio unaogeuzwa. Njia rahisi ya kujihakikishia, ambayo ingeniokolea nakala 10 na siku 9, ni kuandika neno lolote kwenye shaba: likisomeka kinyume kwenye karatasi, litasomeka sawa kwenye bodi.

Bodi haikutupwa. Saketi iliyogeuzwa bado ni sahihi ikiwa vipuri vyote vitawekwa upande wa shaba, kwa hiyo nimevilehemu hapo juu miguu ikiwa imepindwa, nikapata kifaa kibaya wa sura lakini chenye kufanya kazi. Nimekipima kwa chanzo cha umeme cha kurekebishika: baada ya kugusa resista ya kurekebisha kilikata kwenye volti 11.5, na kikawasha tena kwenye 12.4. Hesabu ya siku ya 2 imesimama.

Siku ya 15 hadi 17

Nakala mpya, hazikugeuzwa, neno likisomeka kinyume kwenye karatasi kama inavyotakiwa. Bodi sita zimepigwa pasi kwa siku mbili. Moja ilirudiwa kwa sababu ya karatasi kuteleza. Zote zimekwisha kuliwa na dawa.

Kutoboa ndiko kunakochosha kuliko yote, na hakuna la kusema juu yake ila vipimo: milimita 0.8 kwa resista na komparata, 1.0 kwa mosfeti, 1.3 kwa terminali. Tundu dogo la katikati ya kila kipete, ambalo dawa imelichimba kwenye shaba, huishika biti ya kutobolea isitangetange. Bodi hizi ni za nyuzi za kioo na gundi ya epoksi, na vumbi lake halifai kuingia mapafuni, kwa hiyo ninatoboa juu ya kitambaa kibichi nikiwa nimevaa barakoa. Nyuzi hizo pia huibutua biti ya chuma haraka. Ya tatu inaelekea kufa.

Shaba tupu kando ya ziwa hubadilika rangi ndani ya siku chache, hivyo nimezipaka njia zote utando mwembamba wa risasi ya kulehemea, na ile njia ya ampea 4 nimeinenepesha zaidi. Baada ya kulehemu vipuri, nimepaka vanishi ya wazi pande zote mbili, isipokuwa kwenye terminali.

Siku ya 18

Nimebaki na nusu lita ya dawa iliyogeuka kijani-nyeusi, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi huimaliza kwa kuimwaga mtaroni. Mitaro yetu huishia Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani. Maji tunayokunywa mjini yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Ingekuwa kichekesho cha aina yake kumtengenezea mvuvi kifaa kwa kuwatia sumu dagaa wake.

Nimekwenda sokoni kununua magadi, yaleyale ya kulainishia makande. Yanatiwa kwenye dawa kijiko kimoja kimoja, ndani ya ndoo kubwa kuliko inavyodhaniwa kuhitajika, kwa sababu povu linapanda kwa kasi. Kijiko changu cha tatu kilifika ukingoni. Kadiri asidi inavyopungua, chuma na shaba hujitenga na kuzama kama tope zito la rangi ya kutu lenye ukijani ndani yake. Niliendelea hadi povu likakoma na karatasi ya litmasi nyekundu ikaanza kugeuka buluu. Asubuhi yake maji ya juu yalikuwa maangavu, bila dalili ya ubuluu. Tope nimelikausha, nikalichanganya na saruji, na limekuwa tofali dogo ambalo sasa linazuia mlango wa stoo.

Siku ya 23

Mbalamwezi imepita na wavuvi wamerudi kazini. Juzi tumefunga vifaa sita mwaloni Igombe, kila kimoja ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na usiku wa kuamkia leo ulikuwa wa pili. Hakuna kilichokatika. Mosfeti niliigusa baada ya saa mbili za kazi ikiwa vuguvugu tu, kama inavyotarajiwa kwa kipuri chenye ukinzani usiozidi mili-omu 17.5 kikipitisha ampea 4.

Mjomba amepiga simu asubuhi, nami nikamwamkia, lakini shikamoo yangu ilijibiwa kwa haraka. Betri moja, ambayo ilikuwa mbovu kabla ya mradi huu kuanza, ilifika volti 11.5 saa tisa usiku, na kifaa kikafanya kile kilichotengenezwa kufanya. Taa zikazimika papo hapo, dagaa wakiwa ndiyo kwanza wamekusanyika, wavu ukiwa haujashushwa. "Kingenambia mapema," alisema, "ningeshusha wavu kabla." Alitaka nishushe kizingiti hadi volti 10. Nimemkatalia kwa heshima, kwa sababu huko ndiko betri zake zilikofia, lakini neno lake la kwanza lina haki: kifaa kinachozima bila onyo kimesahau kwamba kuna mtu anayefanya kazi chini ya taa hiyo.

Onyo linawezekana. Komparata ya pili, ile niliyoifunga kwenye ardhi siku ya 2, inaweza kupewa mgawanyo wake wa kilo-omu 33 na 4.7 kwa upande wa juu na 10 kwa upande wa chini, na hapo itawasha taa ndogo nyekundu betri ikishuka hadi volti 11.9. Haihitaji pengo la kuzuia kupepesa. Taa ya onyo ikipepesa mtumbwini haidhuru. Vipuri vinavyoongezeka ni vitano. Ningeweza kuvibandika kwa vipande vya waya nyuma ya bodi zilizopo, kazi ya jioni moja, lakini waya wa namna hiyo ndio ulioanzisha shajara hii.

Kwa hiyo nimefungua tena mchoro, na bodi sita nyingine zinaanza kesho. Mjomba ameuliza kama zitakuwa tayari kabla ya giza la mwezi ujao. Nimemwambia zitakuwa tayari, ila akija mjini anibebee magadi.